Kutoka njia ya misafara hadi sanduku la kura: Ukristo na mambo ya umma Unyamwezi

Bukene, wilayani Nzega, ni stesheni kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928. Kabla ya reli, Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa upagazi. Walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa na shanga. Wamisionari nao walipita njia hizohizo, wakaajiri wapagazi walewale na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi walewale. Daktari Southon wa London Missionary Society alifika Urambo mwaka 1879, akapokelewa na Mtemi Mirambo. Wamoraviani walikirithi kituo cha Urambo mwaka 1898. Mapadre Weupe walifungua Ushirombo mwaka 1891, na Ndala, humuhumu Nzega, mwaka 1896.

Swali la kwanza lililowakabili wamisionari halikuwa la altareni. Lilikuwa utumwa.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akihimiza biashara hiyo ikomeshwe. Huku barani Afrika mapadre wake walikuwa wakiwakomboa watoto kwa kuwanunua, jambo zito, kwa sababu fedha ya ukombozi iliishia mikononi mwa wauzaji. Hata hivyo, ni haki kumtaja Adrien Atiman. Aliuzwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre hao na kusomea udaktari Malta. Alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956.

Reli ilileta wanafunzi. Enzi hizo, mtoto wa Musoma aliyepata nafasi Tabora alipanda meli hadi Mwanza, kisha treni inayopita Bukene. Kambarage Nyerere, Rais wa baadaye, alianza Tabora School mwaka 1937, akiwa bado hajabatizwa. Ubatizo aliupata mwaka 1943. Alipomaliza Makerere, aliitwa na shule ya serikali na pia na St. Mary's ya Mapadre Weupe, zote za Tabora. Alichagua St. Mary's. Alifundisha hapo kuanzia 1946 hadi 1949, alipokwenda Edinburgh kwa msaada mkubwa wa Padre Richard Walsh.

Miaka hiyo ya ualimu inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Tabora ni mji uliokuzwa na wafanyabiashara Waislamu, na mwalimu huyu Mkatoliki, pamoja na mwenzake Andrew Tibandebage, alikiendesha chama cha Tanganyika African Association (TAA) humo kati ya watu wa dini zote. Hapo ndipo alipojifunza kwamba Mkristo anaweza kuingia katika mambo ya umma kwa nguvu zake zote bila kuyafanya mali ya kanisa lake. Sera zake za baadaye zina alama ya Tabora, pengine kuliko ya Edinburgh.

Alirudi Tabora akiwa kiongozi Januari 1958, kwenye mkutano mkuu wa TANU, chama kilichotokana na TAA. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walikasirika, wakataka kususia uchaguzi. Nyerere aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu alijitenga na kuunda African National Congress, lakini TANU ikashinda uchaguzi wa 1958 na 1959. Uamuzi wa mkutano ule bado unaitwa Uamuzi wa Busara.

Oktoba 1970, akiwa Rais, aliwaambia masista wa Maryknoll jimboni New York kwamba Kanisa lisilopambana na mifumo inayowafukarisha watu litakosa maana kwao. Maneno mazito kwa masikio ya watawa, naye aliyasema kama muumini.

Mjadala kuhusu nafasi ya Kanisa katika mambo ya umma haujazimika. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na Dubai uliohusu kampuni ya DP World, likasomwa parokiani nchi nzima. Wapo waliosema maaskofu wamevuka mpaka, na wapo waliowashukuru.  Mikataba ya kutekeleza mpango huo wa bandari ilitiwa saini Oktoba 22 mwaka huohuo, ikiwa na ukomo wa miaka 30. Kukosekana kwa ukomo katika mkataba wa awali ni moja ya mambo yaliyokuwa yamelalamikiwa sana na wakosoaji.