Ifahamu Hifadhi ya Taifa Kitulo, Bustani ya Mungu

Hifadhi ya Taifa Kitulo ipo Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, katika mikoa ya Njombe na Mbeya. Ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 413, na uwanda wake wa nyasi uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Kutokana na wingi wa maua yake, wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Katika karne ya 19 Wazungu waliuita uwanda huo Elton, kwa jina la Mwingereza Frederic Elton aliyepita huko mwaka 1877. Baadaye sehemu yake ilitumika kufugia kondoo na ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2005 Serikali iliutangaza kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa mahususi kwa ajili ya kulinda mimea.

Hatua hiyo ilitokana na tishio la wazi. Kitulo ina aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini. Mizizi yake, inayofanana na viazi vidogo, ilikuwa ikichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako huchanganywa na karanga kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Wakati wa kiangazi majani ya okidi hunyauka, na uhai wake hubaki katika kiazi hicho hadi mvua zirejee. Anayekichimba huuondoa mmea wote, pamoja na maua ya miaka ijayo.

Maua huchanua zaidi kati ya Desemba na Aprili, majira ya mvua. Miezi ya Septemba hadi Novemba hufaa kwa matembezi marefu, ikiwemo safari ya miguu kuvuka milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Watazamaji wa ndege huweza kumwona mbayuwayu wa buluu, na katika misitu ya Livingstone huishi kipunji, tumbili aliyetambulishwa rasmi kwa wanasayansi mwaka 2005.

Wageni hufika kupitia Chimala na Matamba, kwa barabara ya mlimani yenye kona nyingi iitwayo Hamsini na Saba. Wananchi wanakumbushwa kuwa kuchuma maua au kuchimba mizizi ndani ya hifadhi ni kosa kisheria.