Hifadhi ya Zana katika Karakana Ndogo ya Nyumbani: Mfano wa Karungu

Karakana ya nyumbani ni chumba au kibanda kilichomo ndani ya boma la familia, ambamo kazi za ufundi hufanywa kwa zana za mkono na mashine chache, ama kwa mahitaji ya nyumba yenyewe ama kwa malipo ya jirani. Hutofautiana na karakana ya sokoni kwa kuwa haina mlango wa wateja wapita njia, na kwa kuwa hugawana nafasi na vitu visivyo vya ufundi: pikipiki, magunia ya mahindi, nyavu, majembe. Hutofautiana pia na stoo. Katika stoo vitu hukaa. Katika karakana vitu hutoka na kurudi mara nyingi kwa siku moja. Kwa sababu hiyo, ubora wa hifadhi ya karakana hupimwa kwanza kwa urahisi wa kurudisha kitu mahali pake, na wingi wa vitu vinavyoenea ndani huhesabiwa baadaye.

Karungu ni ghuba na eneo la ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, katika eneo bunge la Nyatike, Kaunti ya Migori nchini Kenya, na Sori ndio mji wake wa soko. Kaskazini yake ni Kaunti ya Homa Bay. Uvuvi wa omena, mbuta na ngege ndio unaolisha kazi nyingi za ufundi mahali hapa, pamoja na pikipiki za abiria na uchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Macalder. Karakana za maboma ya Karungu kwa hiyo huchanganya fani tatu ambazo mjini zingetengana: useremala wa mashua, umakanika wa mota na pikipiki, na kazi ya chuma na bati. Mchanganyiko huo ndio unaofanya mpangilio wa zana kuwa mgumu, kwani vumbi la mbao, mafuta ya injini na cheche za chuma havipatani.

Kwa kigezo cha kazi, zana hugawanyika katika makundi sita. Za kupima na kuchora ni futikamba, guni, bikari, pimamaji na timazi. Za kukata ni misumeno ya mbao, msumeno wa chuma, patasi, tezo na mkasi wa bati. Za kulainisha ni randa, tupa na msasa. Za kutoboa ni keekee na biti zake. Za kubana na kufungua ni jiriwa, koleo, spana na bisbisi. Za kupiga ni nyundo za aina zote, pamoja na patasi butu ya kalafati ambayo, ingawa ina umbo la patasi, haikati chochote: hushindilia pamba katika nafasi za mbao za mashua. Kuiweka pamoja na patasi za kukata ni kosa la kawaida, na gharama yake ni makali yaliyopasuka.

Mgawanyo huo wa kazi ndio unaopatikana katika vitabu vya ufundi, na una manufaa yake katika kufundisha. Katika kupanga chumba hautoshi. Mgawanyo wenye uzito zaidi katika karakana ya ufuoni ni ule wa makao, yaani kati ya zana za kukaa na zana za kusafiri. Mashua ya ziwani ya aina ya Sesse, iliyopewa jina la visiwa vya Uganda, huundwa kwa mkuku na mbao zilizopigiliwa misumari, na ukubwa wake hauiruhusu kuingia bomani. Hutengenezwa pale ilipovutwa ufuoni. Nusu ya kazi ya seremala hufanyika mbali na ukuta wake wa zana. Zana za kukaa ni jiriwa, mashine ya kuchomelea, kinoo kikubwa, klampu ndefu na mota iliyofunguliwa. Zana za kusafiri ni nyundo, msumeno mmoja wa mbao, tezo, randa fupi, patasi ya kalafati, koleo, futikamba na mkebe wa misumari.

Kati ya makundi hayo mawili kuna la tatu ambalo hutajwa mara chache: zana za pande zote mbili. Nyundo ni mfano wake mkuu. Ikiwa nyundo ni moja, kila safari ya ufuoni huacha pengo ukutani, na pengo hilo hujazwa na kitu kingine kabla ya jioni. Kununua nyundo ya pili, msumeno wa pili na futikamba ya pili hugharimu kidogo kuliko muda unaopotea kuzitafuta zile za kwanza. Mafundi wengi huona huo ni ubadhirifu. Hesabu ya msimu mmoja wa kazi huonyesha vingine, hasa kati ya Aprili na Julai, miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka upande wa Kenya, mashua zikiwa zimelala nchi kavu na mvua ndefu ikinyesha.

Mgawanyo wa tatu ni wa madhara, yaani kile kinachoharibu zana. Unyevu unashika nafasi ya kwanza. Chuma hushika kutu penye maji na hewa, na kutu huenda kasi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 60, hali ambayo kando ya ziwa hufikiwa kila usiku. Kibanda cha mabati huongeza tatizo lake mwenyewe. Bati la paa hupoa usiku kwa kutoa joto lake kwenye anga tupu. Hewa yenye unyevu ikiligusa kwa ndani huacha umande, na matone hufuata mwinamo wa paa mpaka kwenye pau, kisha hudondoka hapo. Zana iliyotundikwa chini ya pau hulowa hata kama paa halivuji. Dawa zake ni kusogeza rafu kando ya mstari wa pau, kuacha uwazi chini ya ukingo wa paa ili hewa ipite, na kupaka chuma kisicho na rangi safu nyembamba ya mafuta. Oili chafu ya injini, inayotumiwa sana kwa kuwa ni ya bure, hufaa kwa panga na sururu. Haifai kwa randa na misumeno ya mbao, kwani hutia doa mbao na kuzuia gundi kushika.

Madhara mengine yanahitaji maelezo mafupi. Mchwa hupanda kutoka sakafu ya udongo na kula rafu, vishikio na hata maboksi ya karatasi. Nguzo za rafu husimamishwa juu ya mawe au ndani ya mikebe yenye oili. Mchanga wa ufuoni huharibu makali ya randa na meno ya gia. Zana pia hudhuriana: tupa zikisuguana hupoteza meno, guni likiangushiwa koleo hupoteza pembe yake ya nyuzi 90, na guni lililopinda ni baya kuliko kukosa guni, kwa sababu huendelea kuaminiwa.

Hifadhi yenyewe ni ya aina tano: ya ukutani, ya rafu, ya sanduku, ya juu na ya sakafuni.

Hifadhi ya ukutani hutegemea aina ya ukuta. Ukuta wa matofali hubeba kulabu zilizotiwa moja kwa moja. Ukuta wa mabati haubebi kitu. Kinachobeba ni fremu ya mbao nyuma yake, na ubao mpana hupigiliwa kwenye fremu hiyo kabla ya kulabu yoyote. Ukuta wa udongo husumbua zaidi, kwani msumari hulegea humo mvua ya kwanza ikipita, na ubao wa zana husimamishwa juu ya nguzo zake wenyewe, ukiegemea ukuta bila kuutegemea. Juu ya ubao, kila zana huchorewa umbo lake kwa rangi ili nafasi iliyo wazi ionekane kutoka mlangoni. Misumeno hutundikwa kwa kishikio, patasi huchomekwa katika ubao wenye matundu, makali yakielekea chini na yakiwa yamekingwa, na biti za keekee hupangwa kwa milimita katika kipande cha mbao kilichotobolewa kwa biti zenyewe, kila tundu likiwa na ukubwa wa mwenyewe. Spana hupangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Ya milimita 10 ndiyo hupotea kuliko zote, jambo ambalo makanika yeyote wa pikipiki atalithibitisha bila kuulizwa, na ndiyo pekee inayostahili kulabu mbili na spana mbili.

Rafu ni ya vitu vinavyosimama vyenyewe: makopo ya rangi, mashine za mkono, betri, randa. Randa hulazwa ubavu au huegeshwa juu ya ufito mwembamba ili wembe usiguse ubao. Kina cha rafu kikizidi urefu wa mkono mpaka kiwiko, safu ya nyuma hugeuka kuwa kaburi. Rafu fupi nyingi hushinda rafu pana chache.

Sanduku ni la zana za kusafiri. Kenya ina sanduku lake la asili ya shule: lile la bati ambalo mwanafunzi wa bweni huenda nalo shule ya sekondari, na ambalo mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi wanajulikana kwa kulitengeneza. Mwanafunzi akimaliza, sanduku hurudi nyumbani na kuanza kazi ya pili. Lina komeo la kufuli, halipitishi mvua, na panya hawaliwezi. Mapungufu yake ni mawili: zana hulundikana chini, na vishikio vyake vilikusudiwa nguo, si chuma. Trei ya mbao yenye vigawanyo huwekwa juu kwa zana ndogo, na uzito hupunguzwa mpaka mtu mmoja aweze kulibeba hadi ufuoni bila kupumzika.

Hifadhi ya juu, baina ya pau, ni ya mbao ndefu, mabomba na makasia. Ya sakafuni ni ya vizito visivyoinuliwa, na mota ya mashua ni mojawapo. Mota husimamishwa wima juu ya stendi ya mbao maji yakishatoka. Ikilazwa ovyo, maji yaliyobaki katika sehemu ya chini huweza kurudi kwenye silinda.

Vitu vidogo vinavyotumika na kuisha, yaani misumari, skrubu, bolti, nati na washa, si zana, ila ndivyo vinavyochafua karakana kuliko zana. Misumari hununuliwa kwa kilo na kutajwa kwa inchi, hivyo hutengwa kwa inchi: 2, 3, 4, na ya mabati peke yake. Mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia ya Kimbo ndiyo makao yake ya kawaida, na mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokatwa ubavu hutoa droo imara isiyoshika kutu. Msumari mmoja hugundishwa nje ya mkebe, alama inayosomeka hata na asiyejua kusoma.

Vimiminika na betri huhitaji utengano wa lazima. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni mpaka ukutane na cheche. Gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri za asidi zikichajiwa, zikiwemo za taa za kuvulia omena, ni nyepesi na hujikusanya chini ya paa. Chumba chenye vyote viwili kinahitaji matundu ya chini na ya juu. Bora zaidi, petroli hukaa nje kabisa, kivulini, ndani ya chombo kinachofungwa, na kuchaji hufanywa mbali na grainda na kuchomelea.

Katika chumba cha mita 3 kwa 4, meza ya kazi hukaa chini ya dirisha, jiriwa kwenye kona yake, ubao wa zana juu ya meza, kazi ya chuma karibu na mlango, na sanduku la safari mlangoni kabisa. Pikipiki hupewa nafasi yake kwanza, kwa sababu italala humo hata isipopewa.

Taratibu za kudumisha mpangilio zimeandikwa sana kutokana na viwanda vya Japani, hasa mbinu yao ya hatua tano. Nchini Tanzania mbinu hiyo iliingizwa katika hospitali kuanzia 2007, ikianzia Mbeya, kwa majina ya Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Haikutungwa kwa ajili ya boma ambalo jirani huazima zana. Kuazima ndiyo njia kuu ya zana kuhama mikono huko Karungu, na kukataa si jambo rahisi kati ya watu wanaovua pamoja. Kinachofanya kazi ni alama iliyogongwa kwa chuma juu ya kila zana, na kibao kidogo chenye jina la mwazimaji kinachotundikwa kwenye kulabu iliyo tupu.

Kundi la mwisho ni la mabaki. Vipande vya mbao vinavyotosha kuwa kabari au kiraka cha mashua huhifadhiwa wima ndani ya pipa. Vifupi zaidi huenda jikoni. Vipande vya chuma huwekwa nje, vikitenganishwa na shaba na alumini, kwa kuwa bei zake hutofautiana, na huuzwa kwa kilo kwa mnunuzi ambaye, kwa Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015, anatakiwa kuwa na leseni.