Historia ya "Bigap" na Usahihi Wake Katika Maandishi

Mhariri akutanaye na neno "bigap" katika mswada wa Kiswahili hushawishika kulifuta na kuandika "pongezi". Makala haya yanapinga ufutaji huo.

Asili ya neno ni "big up", kitenzi cha Wajamaika chenye maana ya kumtukuza mtu. Lilifuata muziki hadi mitaa ya Eastlands, mathalani Dandora, iliyolea kundi la Kalamashaka katika miaka ya 1990. Katika Sheng, kitenzi kikageuka nomino: "nampa bigap", "bigap zake". Kipimo cha usahihi wake, basi, ni sarufi ya Kiswahili, si ya Kiingereza.

Maana nayo ilihama. "Hongera" hufuata tukio: harusi, mtihani, uzazi. Bigap humtaja mtu hadharani hata kama hajashinda lolote. Fauka ya hayo, mitaa ya Mbotela na Ofafa ilipewa majina enzi ya ukoloni, kuwaenzi Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa 1952 na 1953. Heshima hiyo ilitoka juu. Bigap hutolewa na wenyeji wenyewe.

Msimulizi na abaki na "pongezi" zake. Lakini kumfutia mhusika wa Eastlands bigap yake ni kumpokonya mamlaka ya kuwaheshimu wenzake.