Ranchi ya Mkwaja: Mbung'o Walivyowashinda Matajiri

Kwa Msukuma wa Bariadi, ng'ombe ndiyo benki. Sasa cheki hii: miaka ya 1950, kampuni ya mkonge ya Amboni, Tanga, ilianzisha ranchi kubwa Mkwaja, karibu na bahari, ili wafanyakazi wa mashamba yake wapate nyama. Maelfu ya ng'ombe, dawa kibao, hela ndefu! Lakini mbung'o hawakuacha kuleta nagana, na vichaka vikazidi kumeza malisho. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, eneo likaingizwa Saadani, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa 2005. Walipolala ng'ombe, leo wanapita tembo na twiga.

Vijana mnaoenda kutalii au kujitolea huko, msiishie selfie za ufukweni. Watafuteni wazee waliochunga pale, waulizeni. Wakiondoka, wanaondoka na historia yao.