Kioevu kipi kinafaa kuloweshea negativu za kale?

ZIPO familia za Wanubi mtaani Makina, Kibera, ambazo zimehifadhi sanduku lisilofunguliwa ovyo. Ndani yake mna picha za mababu waliotumikia jeshi la King's African Rifles, za maarusi, na za nyumba zilizokuwa na miti pande zote kabla mji haujazimeza. Picha hizo si za kujifurahisha tu. Jamii hii, ambayo askari wake walianza kupewa makao Kibera mwaka 1904, ilipigania kwa miaka mingi vitambulisho na ardhi, hadi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288 mnamo Juni 2017. Mwaka 2011 mpiga picha Mmarekani, Greg Constantine, alichapisha kitabu Kenya's Nubians: Then & Now, na humo picha za kale za familia ziliwekwa pamoja na zile alizozipiga mwenyewe. Picha ya babu mbele ya nyumba yake ni ushahidi kwamba alikuwapo.

Huko Kawangware nako, studio za mtaani zilipiga picha za vipande, za ubatizo na za arusi kwa filamu hadi kamera za kidijitali na simu zilipoenea. Filamu zilizosalia zimejaa vumbi na michubuko. Mwenye kutaka kuziokoa kwa skana hukutana upesi na ushauri wa kulowesha filamu kabla ya kuiskani. Ushauri huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba chupa zilizo karibu zaidi katika mitaa hii ndizo zisizofaa.

Kwanza tueleze sababu ya kulowesha. Mwanga unapotoka hewani na kuingia katika plastiki ya filamu, hupinda. Unapokuta mchubuko hutawanyika, nao mchubuko huonekana kama mstari. Kioevu chenye mpindo wa mwanga unaokaribiana na ule wa filamu kikijaza ufa huo, mwanga hupita kana kwamba hapana kitu. Mpindo wa hewa ni 1.00, wa maji 1.33, na wa asetati, ambayo ndiyo plastiki ya filamu nyingi za zamani, ni takriban 1.48. Faida hii ni kubwa hasa kwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa njia ya skana ya kufuta vumbi kwa miale ya infraredi haifanyi kazi vyema juu ya chembe za fedha zinazounda picha hiyo. Hata hivyo, kulowesha hakurudishi kilichotoweka. Ikiwa mchubuko umekwangua utando wenyewe wa picha, hapana kioevu kitakachoujaza uso wa mtu.

Maji hayafai. Utando wa picha ni wa jelatini, nayo jelatini hunyonya maji, ikavimba na kulainika, hata ikagandamana na kioo. Kwa sababu iyo hiyo spiriti ya dukani ya asilimia 70 haifai, maana sehemu iliyosalia kwa kiasi kikubwa ni maji. Gliserini ina mpindo mzuri wa 1.47, lakini huchanganyika na maji na kuvuta unyevu, kwa hiyo si ya kuachwa juu ya jelatini.

Hatari zaidi ni asetoni, inayopatikana katika dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha. Haiisafishi filamu ya asetati, bali huiyeyusha. Tone moja latosha kuifanya sura ya bibi arusi kuwa ute. Thina ya fundi wa rangi nayo iepukwe, kwa kuwa mara nyingi huwa na viyeyushi vya jamii hiyo, na aliyeinunua hana njia ya kujua kilichochanganywa ndani ya kopo.

Katika maabara za picha za nchi tajiri hutumiwa vioevu maalumu kama Kami na Lumina. Wasiovipata hutumia nafta, yaani mafuta ya viberiti vya aina ya Zippo. Nafta haidhuru asetati wala jelatini, hukauka upesi na haiachi mafuta. Kwa upande wa picha peke yake, tungeishia hapo.

Lakini chumba cha mabati si maabara. Mvuke wa nafta huwaka hata katika ubaridi wa Julai wa Nairobi, nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la makaa au waya wa umeme uliounganishwa kienyeji. Petroli ni mbaya zaidi, na tena ina kemikali nyingine zisizohitajika juu ya filamu. Wakazi wa Nairobi hawajasahau Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwa bomba ilipolipuka katika mtaa wa Sinai, Mukuru, na kuua watu wapatao mia moja. Isopropanoli ya asilimia 99 nayo huwaka kwa joto la kawaida la chumba, na mpindo wake wa 1.38 hauzidi sana ule wa maji.

Kwa nyumba kama hizo, chaguo letu ni mafuta meupe ya madini yanayouzwa katika duka la dawa kama dawa ya kulainisha choo. Mpindo wake ni karibu 1.47, na hayashiki moto kwa urahisi. Hapa pana mtego wa lugha: chemisti huyaita parafini ya maji, ilhali ukitaja parafini kwa mwenye kioski utapimiwa mafuta ya taa. Hayo ya taa huacha harufu na ukoko, na moto huyapata upesi zaidi. Mafuta ya watoto ni ya jamii hiyo hiyo ya madini, ila huwa yametiwa manukato.

Kasoro ya mafuta ya madini ni kwamba hayakauki. Lazima yapanguswe baada ya kazi kwa kitambaa laini chenye nafta kidogo, na hilo lifanyiwe nje, mbali na moto, kitambaa kikiachwa kikauke huko huko. Matone machache ya mafuta yatosha. Filamu ilazwe juu ya kipande cha kioo kilichotengwa, ifunikwe kwa karatasi angavu ya poliesta na mapovu yasukumwe nje. Mafuta yasimwagwe moja kwa moja juu ya kioo cha skana, kwa maana yakipenya ukingoni yataharibu mashine.

Kabla ya yote, iskani filamu ikiwa kavu. Mara nyingi hiyo yatosha, na nakala hiyo itabaki iwapo lolote litatokea. Soma pia ukingo wa filamu. Ukiona neno "Nitrate", usiilowesha wala usiiweke kwenye skana yenye joto: aina hiyo, ambayo Kodak iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950, huwaka kwa ukali na haizimiki kwa maji. Itengwe mahali penye ubaridi, nje ya nyumba ya kulala, hadi apatikane mtu wa hifadhi ya nyaraka. Filamu inayonuka siki ni asetati inayooza. Hiyo ishughulikiwe mapema kuliko zote, ikiwa kavu.