Mwaniko: istilahi iliyokuwa ikitusubiri juani

Saa nne asubuhi pale Kibirizi, Kigoma, mchanga ulikuwa hauonekani. Dagaa waliovuliwa usiku kwa karabai walikuwa wametandazwa juani mpaka karibu na maji, wanang'aa kama bati jipya. Nikapiga picha, nikatazama kioo cha kamera: dagaa wamekuwa rangi ya majivu, na anga juu yao imefifia kama ya masika. Nikapiga ya pili, ya tatu; mambo yale yale. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa wake akaniuliza ninagunia nini.

"Shikamoo mama. Jua lote hili, picha inatoka giza."

"Marahaba mwanangu. Basi hujaianika ikatosha," akasema, akaendelea na kazi.

Yeye alisema kwa lugha ya kazi yake, lakini alinipa neno nililolitafuta miaka mingi.

Kiasi cha mwanga kinachoifikia filamu au kihisi cha kamera, kwa wingi wake na kwa muda wake, wapiga picha wetu hukiita eksposha. Wengine husema "mwangaza", na hapo wanaoanza hupotea. Mwangaza ni wa jua. Upo hata kamera ikiwa ndani ya mkoba. Mtafsiri mwingine atakimbilia "mfichuo", lakini kufichua ni kuondoa kificho ili watu waone. Filamu haifichuliwi ionwe. Inatolewa mbele ya mwanga ili mwanga uigeuze.

Kugeuzwa huko ndiko kuanika. Unatandaza kitu juani au hewani, unakiacha kwa muda, kinabadilika. Ukikiwahi, bado kibichi, ukikisahau, kimeharibika. Kisha Kiswahili kina jambo ambalo lugha nyingi zingelitamani: kitenzi cha kukiondoa kitu hicho juani kwa wakati wake, yaani kuanua. Shata, yaani pazia la kamera, ikifunguka tunaanika, ikijifunga tunaanua, hata kama katikati imepita sehemu moja tu ya 250 ya sekunde. Ndiyo maana napendekeza tuseme mwaniko.

Neno hili halitakuwa geni katika ukoo wake. Tangu enzi za filamu tunasema kupiga picha, tunapeleka filamu kusafishwa, na ikiingiwa na mwanga tunasema imeungua. Vitenzi hivyo tulivitoa nyumbani. Kati ya kupiga na kusafisha pamebaki pengo moja, na mwaniko unalijaza.

Historia ya upigaji picha yenyewe inasomeka vizuri kwa neno hili. Mnamo 1826 au 1827, Nicéphore Niépce wa Ufaransa aliweka dirishani kwake, ndani ya kamera, bamba la madini lililopakwa lami, akaliacha kwa saa nyingi. Katika picha iliyopatikana, jua linaonekana limeangaza kuta za pande zote mbili, kwa sababu lilihama angani bamba likiwa bado limeanikwa. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Mwaniko ulichukua dakika kadhaa, na watu na magari ya farasi waliokuwa wakipita hawakuacha alama. Aliyeonekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Mpenzi wa picha anayetaka kuuondoa umati mbele ya jengo hutumia siri ile ile leo: kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, na mwaniko mrefu.

Mwaniko hupimwa kwa hatua, na kila hatua huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Shata ikitoka 1/250 kwenda 1/125, muda umekuwa maradufu. Tundu la lenzi likitoka f/8 kwenda f/5.6, eneo la uwazi wake limekuwa maradufu. Ukiongeza ISO kutoka 100 hadi 200, hujaongeza mwanga wowote. Umeikuza tu ishara ya mwanga uliokwisha kuingia.

Sasa turudi Kibirizi. Kipimo cha kamera hakijui kama kinatazama dagaa au makaa. Hukisia kwamba mandhari yote, kwa wastani, ni ya kijivu kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Kikiona weupe mwingi, hudhani jua limezidi, kikaanua mapema. Hivyo ndivyo fedha ya dagaa ilivyogeuka majivu. Hivyo pia ndivyo uso mweusi wa babu aliyevaa kanzu nyeupe unavyozama gizani katika picha ya harusi, na familia ikailaumu ngozi yake wakati kosa ni la mwaniko. Dawa ni ile ile: ongeza hatua moja. Niliongeza, shata ikashuka kutoka 1/500 hadi 1/250, na fedha ikarudi. Yule mama alikuwa amesema kweli tupu; picha yangu ilihitaji kuanikwa muda mara mbili.

Istilahi nzuri huzaa. Kwa hii tunapata mwaniko pungufu, mwaniko uliozidi, mwaniko pacha wa picha mbili katika fremu moja, na nyongeza ya mwaniko kwa kile kitufe cha alama za kujumlisha na kutoa. Mwanafunzi hahitaji kukariri. Amewahi kuanika nguo.

Picha niipendayo kuliko zote nilizopiga niliipata siku hiyo hiyo, alasiri. Nilimuuliza yule mama anajuaje kwamba wametosha. Hakutazama saa wala jua. Aliokota dagaa mmoja, akamvunja mbele ya uso wake, akasikiliza. Nami nikabonyeza wakati huo, hatua moja juu ya kipimo. Kisha akawageukia wenzake na kuwaambia waanue.