Nyimbo za Noeli: Zilianzia wapi, na zilifikaje Kigali?

Zilitokana na ngoma za duara, zikapigwa marufuku na bunge, kisha zikavuka bahari pamoja na wamisionari. Historia ya nyimbo za Noeli ni historia ya watu waliotaka kuimba kwa lugha wanayoielewa.

Kila Desemba, makanisa ya Kinyinya, wilayani Gasabo, huandaa kwaya zao kwa sikukuu kama yafanyavyo makanisa mengine ya jiji la Kigali. Kwa Kinyarwanda sikukuu hiyo huitwa Noheli. Kwa Kiswahili ni Noeli au Krismasi. Noheli na Noeli ni maneno yaliyopitia Kifaransa, na asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya kuzaliwa. Krismasi limepitia Kiingereza. Nyimbo zenyewe nazo zilikuja kwa njia hizo hizo, ndani ya lugha za wageni.

Ngoma ya duara

Jina ambalo Waingereza huziita nyimbo hizi limetokana na neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha ngoma ya duara. Wachezaji walishikana mikono, kiongozi akaimba ubeti, na wenzake wakaitikia. Hazikuwa nyimbo za Desemba pekee.

Ndani ya makanisa ya Ulaya Magharibi, wakati huo ibada ilikuwa kwa Kilatini, lugha ambayo wakulima wengi hawakuielewa. Mnamo 1223, Fransisko wa Assisi aliandaa pango la Noeli katika kijiji cha Greccio, Italia, akiweka hori, ng'ombe na punda ili watu waione habari waliyokuwa wakisomewa. Wafuasi wake walichangia sana kueneza nyimbo za dini kwa lugha za wenyeji.

Marufuku ya Uingereza

Si wote waliofurahishwa. Mwaka 1647, Bunge la Uingereza, likiongozwa na Wapuritani, lilifuta sikukuu ya Krismasi kwa hoja kwamba haina msingi katika Biblia na kwamba imejaa ulevi. Marufuku hiyo iliondoka pamoja na utawala huo mwaka 1660, na nyimbo zikaendelea kuishi midomoni mwa watu.

Baadhi ya zile zinazojulikana zaidi leo zilikamilika polepole. Charles Wesley alichapisha mwaka 1739 utenzi kuhusu malaika wanaotangaza kuzaliwa kwa Yesu. Muziki unaoimbiwa leo ulitungwa na Felix Mendelssohn mwaka 1840 kwa sherehe ya kuenzi uvumbuzi wa uchapaji, na ulioanishwa na maneno hayo mwaka 1855, Wesley akiwa amekwisha kufariki.

Wimbo wa usiku mtakatifu ulizaliwa kwa namna nyingine. Padri msaidizi Joseph Mohr aliandika maneno yake mwaka 1816. Tarehe 24 Desemba 1818, mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber aliyatungia muziki, na jioni hiyo wawili hao wakauimba kwa gitaa katika kanisa la Oberndorf, Austria. Uliandikwa kwa Kijerumani, lugha ya waumini wenyewe.

Kutoka Save hadi Kigali

Nchini Rwanda, wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe walianzisha kituo chao cha kwanza Save, kusini mwa nchi, mwaka 1900. Kwa zaidi ya miaka 60, misa iliendelea kuadhimishwa kwa Kilatini. Mnamo Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iliyofungua mlango wa lugha za wenyeji katika ibada, na watunzi Wanyarwanda wakapata nafasi kubwa zaidi.

Kwaya ya Chorale de Kigali iliundwa mwaka 1966, katika kipindi hicho hicho cha mageuzi. Tangu 2013 kwaya hiyo imekuwa ikiandaa tamasha la Noeli mjini Kigali, ambapo nyimbo za kale za Ulaya huimbwa pamoja na zile za Kinyarwanda.

Miongoni mwa waliouimarisha muziki wa Kikatoliki kwa Kinyarwanda ni Cyprien Rugamba, mshairi, mtafiti na mtunzi. Aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994, pamoja na mkewe Daphrose na baadhi ya watoto wao, mwanzoni kabisa mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nyimbo zake zingali zinaimbwa. Kwa waliobaki, kuziimba ni ibada na ni kumbukumbu pia.

Na Kiswahili je?

Mwaka 2017, bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hata hivyo, wazungumzaji wake wa kila siku bado ni wachache. Miongoni mwao wamo waliokulia Tanzania, Kenya au mashariki mwa Kongo, ambao wimbo wa kwanza wa Noeli waliofundishwa utotoni ulikuwa wa Kiswahili.

Sheria yaweza kuipa lugha hadhi ofisini na shuleni. Wimbo hauhitaji idhini hiyo, kama Wapuritani walivyokuja kutambua. Unachohitaji ni mzazi au mwalimu wa kwaya atakayemfundisha mtoto maneno yake kabla Desemba haijapita.